Mchuzi wa kuku wa nazi, kuanzia sokoni hadi mezani

Mchuzi wa kuku ukiharibika, mara nyingi huwa umeshaharibika kabla kuku mwenyewe hajaingia sufuriani. Kitunguu kimeharakishwa, bizari imemwagwa kwenye maji badala ya mafuta, nyanya bado mbichi. Kinachotoka hapo ni supu ya manjano yenye harufu ya unga, na hakuna tui wala kotmiri ya kuikomboa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu vinavyomtangulia kuku. Kuku mwenyewe, hasa huyu wa kisasa, ndiye kazi nyepesi.

Ninaoeleza hapa ni mchuzi wa nazi wa pwani, ule wa Unguja na Pemba, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, ambao kila nyumba ina mkono wake. Vipimo ni vya watu 6. Dakika nilizozitaja ni za kukadiria tu, maana moto wa mkaa, wa gesi na wa umeme haulingani. Fuata macho na pua yako. Kila hatua nitakutajia dalili ya kuangalia.

Ununue kuku gani

Kuku wa kisasa, yaani broila, kwa kawaida huchinjwa akiwa na wiki 5 hadi 6. Nyama yake ni laini na ina maji mengi. Anaiva kwa nusu saa, na ukimzidishia moto anachambuka, ukabaki na nyuzinyuzi na mifupa inayoelea. Kuku wa kienyeji ameishi miezi mingi akitembea na kuchakura. Misuli yake imekaza na viungo vyake vina kolajeni nyingi, ambayo hulainika polepole kwenye moto mdogo na kuupa mchuzi uzito unaonata midomoni. Huyo anataka saa 1 na nusu hadi 2, na hatua zake zinatofautiana kidogo. Nitazieleza huko mbele.

Kati yao yuko kuku wa mayai aliyechoka kutaga, ambaye wengi humdharau. Bei yake mara nyingi ni nafuu, ladha yake imekolea kuliko ya broila, na ukimpa saa 1 na nusu anakulipa. Kwa mchuzi wa nazi ningemchukua huyu kabla ya broila, isipokuwa siku ambayo wageni wameshapiga hodi.

Ukimnunua aliyekwisha kuchinjwa, mguse na umnuse. Ngozi isiwe inateleza wala kunata, na harufu isiwe ya uchachu. Wa kugandishwa myeyushe ndani ya friji tangu jana yake, juu ya sahani pana ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kumwacha mezani mchana kutwa ni kuwapa bakteria nafasi: nje ameshapata joto wakati ndani bado barafu. Na kama umemchinja mwenyewe, usikimbilie sufuria. Nyama ya kuku aliyechinjwa sasa hivi hukakamaa. Mpumzishe kwenye friji masaa 4 hadi 6 ndipo umpike.

Mkate vipande 10 hadi 12 pamoja na mifupa. Kidali kisicho na mfupa kinapendwa na wengi siku hizi, lakini kwenye mchuzi hukauka upesi na hakitoi chochote. Ukitaka kurahisisha, nunua mapaja matupu. Ndiyo sehemu inayovumilia moto kuliko zote. Shingo, firigisi na ncha za vipapatio usitupe, vyote viingie.

Vya kuandaa

Kwa mchuzi:
- kuku 1 wa kilo 1.3 hadi 1.5
- vitunguu maji vikubwa 3 (gramu 400 hivi)
- nyanya zilizoiva sana 4, na kijiko 1 cha chakula cha nyanya ya kopo
- punje 8 za kitunguu saumu
- tangawizi mbichi, urefu wa kidole gumba
- nazi kubwa 2, au kopo 1 la tui la mililita 400
- mafuta ya kupikia, vijiko 5 vya chakula
- ndimu 2
- pilipili mbichi 2, za mbuzi au ndefu
- mbatata 3, ukipenda
- kotmiri fungu 1, chumvi

Kwa bizari:
- giligilani kavu (mbegu, si majani), vijiko 2 vya chakula
- uzile (sokoni utasikia pia jira, bizari ya pilau au bizari nyembamba), vijiko 2 vya chai
- pilipili manga, kijiko 1 cha chai
- hiliki 5, karafuu 4, kijiti cha mdalasini cha urefu wa kidole
- uwatu, robo ya kijiko cha chai
- manjano ya unga, kijiko 1 cha chai. Haya hayakaangwi pamoja na mengine

Bizari

Hapa ndipo mchuzi wa nyumba moja unapoachana na wa nyumba nyingine. Bizari ya mchuzi ya pakiti si dhambi, na nimekula michuzi mizuri iliyopikwa nayo. Tatizo lake ni umri. Ikishasagwa, harufu huanza kuiacha; baada ya miezi sita kabatini, hasa pwani kwenye joto na unyevu, kinachobaki ni rangi. Fungua pakiti uinuse. Ikiwa haikufanyi ugeuze uso kidogo, haitafanya kitu sufuriani pia. Soma na maandishi yake, maana zipo zilizotiwa chumvi au wanga, na hapo vipimo vyako vyote vya chumvi vinabadilika. Ukiitumia, tia vijiko 2 vya chakula badala ya mchanganyiko ulio hapa.

Kusaga mwenyewe kunachukua dakika 10. Injika kikaango kikavu kwenye moto mdogo. Tanguliza vilivyo vikubwa na vigumu: mdalasini, karafuu, hiliki, pilipili manga. Baada ya dakika 1 tia giligilani, kisha uzile. Uwatu uwe wa mwisho kabisa, sekunde chache tu, kwa sababu ukiungua huwa mchungu na uchungu wake hauondoki. Tikisa kikaango bila kuacha. Giligilani ikianza kugeuka kahawia hafifu na harufu ikatoka kwenye majani mabichi ikaelekea kwenye karanga za kukaanga, epua mara moja na umwage kwenye sahani baridi. Ukiviacha kikaangoni vitaendelea kuiva hata moto ukiwa umezimwa.

Acha vipoe ndipo usage, kwenye kinu au mashine ndogo ya kahawa. Vikisagwa vya moto hutoa mvuke, unga unashikana na mashine inaziba. Changanya na manjano. Utapata kama vijiko 3 vya chakula. Nusu kijiko cha chai weka pembeni; ina kazi yake mwisho.

Sokoni Darajani, Unguja, au Marikiti ya Mombasa, wauzaji wa viungo watakupimia kidogo kidogo. Nunua hivyo, viungo vizima, vya kutosha mwezi mmoja au miwili. Mtungi mkubwa wa bei ya jumla unapendeza machoni tu.

Tui

Nazi nzuri ni nzito, ukiitikisa unasikia maji, na macho yake matatu ni makavu bila ukungu. Ukishaivunja, onja maji yake. Yakiwa makali au yana harufu ya sabuni, nazi imeoza. Itupe hata kama nyama yake inaonekana nyeupe, maana nazi moja mbovu inatosha kuharibu sufuria nzima.

Ikune kwa mbuzi. Ukifika karibu na kifuu, acha. Yale machicha ya kahawia hulitia tui rangi chafu. Nyunyiza kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, fikicha kwa mkono dakika 2 au 3 kisha ukamue kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ndilo tui zito, tui la kwanza. Liweke peke yake. Rudishia machicha vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, fikicha na ukamue tena upate tui jepesi. Mambo yote yanayofuata yanategemea matui haya mawili kutochanganyika, kwa sababu moja linapikwa na jingine linaungwa tu.

Asiye na mbuzi akate nazi vipande vidogo, avisage kwenye blenda na maji ya uvuguvugu na kuchuja vivyo hivyo. Mwenye kopo, kama wengi walio Ulaya au Ghuba, asilitikise kabla ya kulifungua: ute mzito ulioganda juu ndio tui lake la kwanza, na kilichobaki chini akiongeze maji kifike vikombe 2. Makopo mengine yametiwa vizuizi ili tui lisijitenge, kwa hiyo hutaona ute wowote. Hapo gawanya nusu kwa nusu, nusu moja uizimue kwa maji.

Kumwandaa kuku

Najua hili litawaudhi wengi: kumwosha kuku mbichi chini ya bomba hakumsafishi. Bakteria kama salmonela na kampilobakta hawatoki kwa maji, wala ndimu na chumvi haziwaui. Wanaouawa ni wale wanaofikiwa na moto. Maji ya bomba yanachofanya ni kuwarusha kwenye beseni la vyombo, kachumbari na nguo zako. Kama moyo hautulii bila kumwosha, na wengi wetu tumelelewa hivyo, mweke kwenye bakuli la maji, msugue taratibu, mwaga maji pasipo kuyarusha, kisha osha beseni na mikono kwa sabuni. Ubao uliomkatia usikatie kachumbari.

Mvue ngozi. Kwenye kuku wa kuchoma ngozi ni tamu, lakini kwenye mchuzi inalegea na mafuta yake yanatandaa juu ya tui. Toa mabonge ya mafuta na kile kinundu cha mkiani. Kausha vipande kwa kitambaa au karatasi.

Twanga saumu na tangawizi pamoja. Chukua nusu yake, changanya na chumvi kijiko 1 na nusu cha chai, manjano kidogo na maji ya ndimu 1, umpake kuku kila upande. Nusu saa inatosha. Ukitaka alale usiku kucha kwenye friji, ni vizuri zaidi kwa chumvi kuingia ndani, ila ndimu uitie asubuhi. Ikikaa masaa mengi huifanya nyama ya juu iwe kama chaki.

Kupika

1. Katakata vitunguu vyembamba na sawasawa. Injika sufuria nzito, tia mafuta, yakipata moto tia vitunguu na chumvi kidogo. Moto uwe wa wastani. Sasa tulia. Kitunguu ni karibu asilimia 90 maji, na mpaka maji hayo yatoke hakiwezi kubadilika rangi. Dakika 5 za mwanzo kitalegea na kuwa cheupe, na hapo ndipo wengi huona kimeiva na kutia vingine. Endelea. Kitapungua nusu, kitaanza kunata, kisha kingo zitageuka kahawia. Unachotaka ni kahawia ya dhahabu sufuria nzima, na hiyo huchukua dakika 15 hadi 18. Kikishika chini, nyunyiza kijiko cha maji ukwangue kwa mwiko. Ule ukoko ni ladha. Kikiwa cheusi, hiyo si ladha tena. Kitoe uanze upya, hasara ni vitunguu vitatu tu.

Mchuzi wenye kitunguu kilichoiva hivi hauhitaji sukari wala vidonge vya supu. Utamu wake na uzito wake vimetoka humo.

2. Tia saumu na tangawizi iliyobaki. Koroga dakika 1, mpaka ule ukali wa ubichi unaopanda puani upotee.

3. Punguza moto. Tia bizari yote uliyosaga, isipokuwa ile nusu kijiko ya pembeni, pamoja na vijiko 2 vya maji. Koroga dakika 1 hadi 2. Harufu na rangi nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, kwa hiyo bizari isiyopita kwenye mafuta haitafunguka hata mchuzi uchemke saa nzima. Hayo maji machache ni ya kuizuia isiungue. Yatakauka, na utaona mafuta yamegeuka rangi ya manjano iliyokolea. Usiondoke jikoni kwa dakika hizi mbili. Simu ikilia, iache ilie.

4. Tia nyanya zilizokunwa au kusagwa, na nyanya ya kopo. Ongeza moto kidogo. Mwanzoni zitaruka na kuonekana maji matupu. Koroga kila baada ya muda kwa dakika 10 hadi 12, mpaka rojo iwe nzito, ukiburuta mwiko chini ya sufuria njia ibaki wazi kwa muda, na mafuta yajitenge pembezoni. Mafuta kujitenga ndiyo dalili kubwa kuliko zote katika mapishi haya. Maana yake maji ya nyanya yameisha na rojo imeanza kukaangika badala ya kuchemka. Ukiruka hapo, mchuzi utakuwa na ukali wa nyanya mbichi na, baya zaidi, uchachu huo utakuja kulikata tui.

Nyanya zisizoiva, zile ngumu za rangi ya waridi, zitakuchelewesha hapa. Zikiwa ndizo pekee zilizopo, punguza iwe 3 na uongeze nyanya ya kopo.

5. Tia kuku na majimaji yake yote. Mgeuzegeuze kwenye rojo dakika 6 au 7, moto wa wastani kwenda mkubwa, mpaka kila kipande kivikwe na nje kigeuke kuwa cheupe. Kama una vidali, visubiri; vitie dakika 10 baada ya mapaja.

6. Mimina tui jepesi, koroga mpaka lichemke. Tia mbatata zilizokatwa robo na pilipili zikiwa nzima, umezichanja kidogo tu. Pilipili nzima hutoa harufu zaidi kuliko ukali, na asiyeitaka ataikwepa. Punguza moto, funika ukiacha nafasi, na mchuzi utokote taratibu dakika 20 hadi 25. Kuku ameiva pale nyama ya paja inapoanza kurudi nyuma na kuuacha mfupa, na ukimchoma mahali panene maji yanatoka safi, si ya waridi. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 74 za Selsiasi karibu na mfupa.

Angalia wingi wa mchuzi sasa, kabla ya tui zito. Ukiwa mwepesi sana, funua na ongeza moto upungue. Baadaye hutaweza.

7. Punguza moto uwe mdogo kabisa. Kama ni mkaa, toa baadhi. Chota upawa mmoja wa mchuzi, uchanganye kwenye bakuli la tui zito ili lizoee joto, kisha limimine lote sufuriani huku ukikoroga. Usifunike. Koroga taratibu, bila kuacha, dakika 5 hadi 8. Wazee husisitiza kukoroga upande mmoja. Upande hauna shida, shida ni kuacha. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji na kushikiliwa na protini kidogo. Moto mkali au ndimu nyingi huzivunja protini hizo, mafuta yakaelea na maji yakabaki chini yenye chembechembe nyeupe. Hapo tui limekatika. Uso wa mchuzi utetemeke tu, usichemke kwa mapovu.

8. Epua. Ndipo tia ile bizari ya pembeni, kotmiri iliyokatwa, na maji ya nusu ndimu. Onja chumvi, sasa na si mapema, kwa kuwa tui huificha. Acha sufuria itulie dakika 10. Mchuzi utashikana na kuku atanyonya.

Akiwa wa kienyeji au wa mayai

Huyu chemsha kwanza. Mtie sufuriani na maji ya kumfunika, tangawizi, saumu, chumvi na kitunguu kimoja kilichokatwa nusu. Yakichemka engua povu, punguza moto, funika. Saa 1 hadi 2 kutegemea umri wake. Jogoo mzee hana haya, anaweza kuzidi hapo. Kwenye sufuria ya presha ni dakika 25 hadi 35. Mtoe akiwa amelainika lakini bado ameshika mfupa.

Supu yake usiimwage. Pika rojo kama ilivyoelezwa mpaka hatua ya 4, mkaange kuku humo dakika 5, kisha badala ya tui jepesi tumia supu vikombe 2. Tui zito linabaki vilevile. Supu inayobaki ni ya mpishi, na ndimu na pilipili.

Kwa broila usifanye hivi. Kumchemsha kwanza ni kumwaga ladha kidogo aliyonayo, halafu kumpika mara mbili mpaka achambuke.

Bila nazi

Bara, mahali ambapo nazi ni ghali au haipatikani, mchuzi uleule hupikwa kwa nyanya peke yake na hauna unyonge wowote, hasa kwa ugali. Ongeza nyanya ziwe 6, kaanga rojo muda mrefu zaidi, tumia maji ya moto au supu badala ya tui jepesi, na mbatata moja uiponde ndani ya mchuzi mwishoni ili kuupa uzito. Wengine humalizia na vijiko 3 vya mtindi. Mtindi nao hukatika, kwa hiyo utie ukiwa umeshaepua.

Ukikwama

Tui limekatika: ladha haijaharibika, ni sura tu. Epua, chota mchuzi vikombe 2 bila kuku, upoe kidogo, usage kwenye blenda na urudishe. Hautakuwa kama mwanzo ila wageni hawatajua.

Chumvi imezidi: utaambiwa utie kiazi kikanyonye chumvi. Kiazi kinanyonya mchuzi wenye chumvi, hakichagui chumvi peke yake. Kinachosaidia ni kuongeza tui au maji, na kuula na wali usiotiwa chumvi.

Pilipili imezidi: ongeza tui zito na ndimu kidogo. Maji matupu hayasaidii sana, maana ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta.

Mchungu: uwatu au saumu vimeungua. Hapa sina dawa.

Umepooza, chumvi ipo lakini haunogi: mara nyingi unadai ndimu, si bizari. Kamua kidogo uonje tena kabla ya kukimbilia viungo.

Kupakua na kiporo

Wali mweupe ndio mwenzake. Wali wa nazi na mchuzi wa nazi kwa pamoja ni mzito mno kwa mchana wa joto, ingawa sikukuu watu hawaulizi. Chapati, mkate wa kumimina, ndizi za kuchemsha, vyote vinakwenda. Kachumbari iwe na ndimu ya kutosha, kazi yake ni kukata mafuta ya tui.

Kinachobaki kiingie kwenye friji ndani ya masaa 2, na siku za joto kali ndani ya saa 1. Kigawe kwenye vyombo vipana vifupi kipoe upesi. Kitakaa siku 3. Kupasha, chota unachotaka kula tu, kipate moto mpaka ndani huku ukikoroga. Tui litakatika kidogo, na kiporo husamehewa. Asiye na friji asiunge sufuria yote. Mchuzi wa nazi huchacha haraka kuliko wa nyanya, kwa hiyo unga tui kwenye ule wa kuliwa sasa.

Na siku ukipata vitunguu na nyanya kwa bei nzuri, pika rojo ya hatua ya 4 mara tatu ya kipimo hiki, ipoe, igawe kwenye mifuko mitatu na uigandishe. Bila tui inakaa hadi miezi 3. Jioni ya haraka unaitoa mfuko mmoja, unaipasha mpaka mafuta yajitenge tena, unaanzia hatua ya 5.